Utabiri wa Simu na Kipimamvua: Tathmini ya Msimu Mmoja wa Vuli Pemba

Kwa msimu mzima wa vuli uliopita, tangu Oktoba ilipoanza hadi Desemba ilipokwisha, niliandika kila usiku kile ambacho programu ya hali ya hewa ya simu yangu ilisema kuhusu siku ya kesho, na kila asubuhi saa 3 nikaandika kiasi cha mvua kilichopatikana kwenye kipimamvua kilichosimama nyuma ya nyumba yetu, karibu na Wete, kisiwani Pemba. Tathmini hii inahusu vitu hivyo viwili kwa pamoja: programu, ambayo niliilipia toleo lake la juu kwa miezi mitatu, na kipimamvua, ambacho bila hicho nisingekuwa na haki ya kusema lolote juu ya programu. Jina la programu sitalitaja, kwa sababu kasoro nilizozikuta zinatokana na namna utabiri wa aina hii unavyotengenezwa, na mtu atakayehamia programu nyingine inayochota kwenye chanzo kilekile atakutana nazo huko huko.

Kwanza nieleze kwa nini jambo hili linanigusa. Msimu wa karafuu kwetu mara nyingi huangukia miezi ya vuli, na karafuu mbichi ikishachumwa na kuchambuliwa kutoka kwenye makonyo yake inahitaji jua la siku nne au tano juu ya jamvi, ikianikwa asubuhi na kuanuliwa jioni, hadi inapokauka na kubaki na takriban theluthi moja ya uzito iliokuja nao. Karafuu inayorowa kisha ikarundikwa ndani ikiwa na majimaji huchemka, hupauka na kusinyaa, na hiyo ndiyo tunayoiita mpeta. Mwaka uliotangulia, programu ilionyesha jua kamili kwa siku tatu mfululizo, nasi tukaamini kiasi cha kwenda shambani watu wote wenye nguvu, nyumbani akabaki shangazi yangu peke yake na majamvi sita uwanjani. Saa 5 asubuhi ilishuka mvua ya dakika ishirini. Shangazi aliwahi kukunja majamvi mawili. Karafuu ya manne yaliyobaki tuliianika tena, lakini jua halikurudi kwa siku mbili, na sehemu kubwa ikawa mpeta. Usiku ule ami yangu hakulaumu mtu, aliniuliza tu: "Mwanangu, hiyo simu yako imeshakukosesha mara ngapi?" Sikuwa na jibu, kwa kuwa sikuwa nimehesabu. Nilikumbuka mara ile moja iliyotuumiza, na mara nyingine zote zilikuwa zimenitoka kichwani.

Kipimamvua nilitumiwa na dada yangu anayeishi Muscat. Ni chombo rahisi cha plastiki angavu: mcheduara wa nje wenye kipenyo cha takriban sentimita 10, faneli juu yake, na mrija mwembamba ndani ambao eneo la mdomo wake ni sehemu ya kumi ya eneo la mdomo wa faneli. Kwa uwiano huo, mvua ya milimita 1 husimama kwenye mrija kwa kimo cha sentimita 1, na jicho la kawaida linaweza kusoma sehemu ndogo ya milimita bila shida. Mrija ukijaa, kwenye milimita 25, maji yanayozidi humwagikia kwenye mcheduara wa nje, nawe unayapima kwa kuyarudisha mrijani. Kwa asiyejua maana ya milimita ya mvua, ni lita 1 ya maji juu ya kila mita 1 ya mraba, kwa hiyo mvua ya milimita 10 juu ya jamvi lenye mita 6 za mraba ni lita 60, sawa na ndoo tatu kubwa.

Nimekipenda chombo hiki kwa ukweli wake, ingawa kinahitaji uangalizi. Wiki ya kwanza nilikiweka karibu mno na mnazi, na upepo ulipovuma kutoka upande huo kilipokea pungufu, huku majani yaliyorowa yakiendelea kudondosha matone baada ya mvua kupusa. Kanuni inayotumika vituoni ni kwamba kipimamvua kiwe mbali na mti au jengo kwa umbali usiopungua mara mbili ya urefu wa kizuizi hicho. Nilikihamishia katikati ya uwanja, nikakifunga kwenye nguzo iliyochongwa ncha ili matone yasiruke kutoka juu ya nguzo na kuingia ndani. Wadudu huingia kwenye faneli, na siku moja nilimkuta mjusi. Jua la miezi mitatu limeanza kufifisha alama za namba, jambo ambalo mtengenezaji angeweza kulizuia kwa kuzichonga badala ya kuzichapa. Asiyeweza kukipata anaweza kutumia kopo lolote lenye pande zilizonyooka, mdomo na kitako vikiwa na upana mmoja, na kupima kimo cha maji kwa rula. Atapoteza usahihi kwenye rasharasha, lakini kwa mvua yenye maana atapata jibu la kutosha.

Kulinganisha utabiri na mvua iliyonyesha kunaonekana kazi ya mtoto mpaka mtu aianze. Jambo la kwanza lililonitatiza ni kwamba programu hubadilisha maneno yake. Utabiri wa Jumamosi ulioutazama Jumatano si ule utakaouona Ijumaa, na Jumamosi yenyewe ikifika, alama ya jua iliyokuwapo asubuhi inaweza kuwa imegeuka wingu la mvua saa moja baada ya mvua kuanza. Mtu anayefungua simu jioni ataona kwamba programu "ilisema" mvua. Ndiyo maana niliandika saa 2 usiku kila siku, kwa kalamu, katika daftari lenye mistari: utabiri wa kesho, wa siku tatu mbele na wa siku saba mbele. Kilichoandikwa kwa kalamu hakijirekebishi.

La pili ni mpaka wa siku. Programu hukata siku usiku wa manane, ilhali vituo vya hali ya hewa vya kwetu husoma mvua saa 3 asubuhi, ambayo ni 06:00 kwa saa za dunia (UTC), na kiasi kinachosomwa huhesabiwa kuwa cha saa 24 zilizotangulia. Pemba hupata mvua nyingi za alfajiri. Mvua ya saa 11 alfajiri ya Jumanne, kwa programu ni ya Jumanne, na kwa kipimamvua kinachosomwa saa 3 ni ya siku iliyoanza Jumatatu asubuhi. Nilipoteza takriban wiki mbili za kumbukumbu kwa kutolielewa hili, nikimhukumu mtabiri kwa kosa la mpimaji. Baadaye niliongeza kipimo cha pili, cha saa 6 usiku, kila nilipokuwa macho na mvua imenyesha.

La tatu ni maana ya neno "mvua" lenyewe. Je, manyunyu yaliyolowesha vumbi na kukauka ndani ya dakika tano ni mvua? Niliamua kwamba siku ya mvua ni ile iliyopata milimita 1 au zaidi, nikashikilia kipimo hicho hadi mwisho hata kiliponinyima raha, kwa kuwa mtu anayebadilisha maana ya mvua katikati ya msimu anaweza kumfanya mtabiri yeyote aonekane hodari au dhaifu kadiri apendavyo.

Sasa nifikie matokeo, na hapa naomba msomaji awe na subira, kwa sababu swali la ami yangu, "mara ngapi", lina mtego ndani yake. Ukihesabu tu siku ambazo programu ilisema kweli, ikawa ni mvua ikanyesha au ni ukavu ukawa ukavu, programu ilipata alama nzuri, na tangazo lake la kujisifia usahihi lisingekuwa uongo. Lakini hata katika vuli siku kavu kwetu ni nyingi, na mtu anayesema "kesho hakuna mvua" kila siku bila kutazama juu naye atapata alama nzuri.

Mtego huu una historia ndefu. Mwaka 1884 askari wa jeshi la Marekani, John Finley, alitathmini utabiri wake 2,803 wa vimbunga vya tornado na kupata usahihi wa asilimia 96.6. Kati ya utabiri huo, mara 28 alisema kimbunga kitatokea na kikatokea, mara 72 alisema kitatokea na hakikutokea, mara 23 kilitokea bila yeye kukitabiri, na mara 2,680 alisema hakuna na kweli hapakuwa na kitu. Wakosoaji wakaonyesha kwamba laiti angesema "hakuna kimbunga" mara zote 2,803, angepata asilimia 98.2. Mwanajiolojia G. K. Gilbert alipendekeza mwaka huohuo kwamba zile siku rahisi za ukavu ziwekwe kando, na mtabiri apimwe kwa kugawanya mara alizopata kwa jumla ya mara alizopata, alizokosa na alizotishia bure. Kwa Finley, hiyo ni 28 kwa 123, yaani chini kidogo ya asilimia 23. Tofauti ya asilimia 96 na 23, kutoka kwenye daftari lilelile, ndiyo iliyonifanya nisiamini tena tangazo lolote la usahihi lisilosema limehesabiwaje.

Nilitumia kipimo cha Gilbert. Kwa utabiri wa kesho, programu ilifanya kazi ya heshima: siku nyingi za mvua ilizitaja, ingawa ilitishia bure mara nyingi pia. Kwa utabiri wa siku tatu mbele, ilishuka waziwazi. Kwa siku saba mbele, mvua zilizotajwa na mvua zilizonyesha zilikuwa kama watu wawili wasiojuana wanaopishana njiani. Na toleo nililolilipia lilikuwa likiuza hasa utabiri wa siku 14, saa kwa saa, likiandika kwamba tarehe fulani, wiki mbili mbele, mvua itaanza saa 8 mchana. Namba hizo zilionekana thabiti kwa sababu zilikuwa na saa. Sikuona siku hata moja ambayo ningeweza kuzitegemea kupanga kuanika.

Kumpima mtabiri kwa haki kunahitaji pia mshindani. Washindani wangu walikuwa wawili, wote hawalipwi. Wa kwanza husema "kesho itakuwa kama leo". Wa pili husema "kesho itakuwa kama ilivyo kawaida ya tarehe hizi". Huyu wa pili wazee wetu wanamjua vizuri kuliko sisi. Hesabu ya miongo, inayoanza siku ya Nairuzi mwezi Julai na kuugawa mwaka katika mafungu ya siku kumi kumi, ilikuwa ikimwambia mkulima na mvuvi wa pwani lini ategemee upepo gani na mvua gani. Mwongo wa mia, yaani fungu linaloishia siku ya mia, huangukia katika nusu ya pili ya Oktoba, wakati kusi imekwisha, kaskazi haijashika na mvua za vuli zinakaribia. Hayo ni maarifa ya wastani wa miaka mingi, yaliyohifadhiwa bila karatasi, na kasoro yake ni ndogo: mwaka wake ni wa siku 365 kamili, hivyo husogea siku moja kila baada ya miaka minne. Ami yangu ndiye aliyenihesabia miongo msimu huu. Kwa utabiri wa kesho, simu iliwashinda washindani wote wawili. Kwa utabiri wa wiki, haikumshinda mzee.

Sikuridhika kuishia hapo, nikataka kujua sababu. Programu nyingi za simu hazina mtabiri anayeitazama Pemba. Huchukua matokeo ya hesabu kubwa za kompyuta, kama zile za kituo cha Ulaya kilichopo Reading, Uingereza, au mfumo wa Marekani uitwao GFS ambao huendeshwa mara nne kwa siku, kisha huzipamba kwa picha za jua na wingu. Data za bure za GFS hutolewa kwa nukta zilizoachana robo digrii, ambayo karibu na ikweta ni takriban kilomita 28. Pemba ina urefu wa karibu kilomita 67, na upana wake hauzidi sana kilomita 22. Nukta moja ya namna hiyo inaweza kukibeba kisiwa kutoka pwani hadi pwani pamoja na bahari pembeni yake, ndani yake mkiwamo Wete yenye vilima na mabonde na upande wa Micheweni ulio mkavu zaidi, vyote vikipewa jibu moja. Hata hesabu zenye nukta za karibu zaidi, kilomita 9 kwa mfano, haziwezi kuliona wingu moja la mvua lenye upana wa kilomita tatu likizaliwa. Na mvua zetu nyingi ni za mawingu ya namna hiyo, yanayopanda kutokana na joto na mkutano wa upepo wa bahari na wa nchi kavu.

Siku moja ya Novemba ilinionyesha hili kuliko maelezo yote. Programu ilisema milimita 8 kwa eneo letu. Kipimamvua changu asubuhi kilikuwa kikavu kabisa, hata umande haukuacha alama. Mchana nilipompigia simu rafiki wa Konde, kaskazini yetu, aliniambia barabara imegeuka mto tangu alfajiri. Mvua ilitabiriwa, ikanyesha, kisiwa kikaipata, nasi Wete hatukuona tone. Nilikaa na kalamu kwa muda nikijiuliza niandike nini. Niliandika kwamba ilitishia bure, kwa kuwa karafuu zangu zipo Wete na kanuni nilijiwekea mwenyewe, lakini pembeni nikaongeza neno "Konde".

Tatizo hili halikuonwa na mimi peke yangu. Mwaka 2018 Peter Vogel na wenzake wa Karlsruhe, Ujerumani, walichapisha utafiti uliopima mifumo kadhaa mikubwa ya utabiri wa dunia juu ya mvua za Afrika ya tropiki, kaskazini mwa ikweta, na kukuta kwamba utabiri ghafi wa mifumo hiyo kwa kiasi kikubwa haukumshinda yule mshindani wa pili, wa kawaida ya tarehe. Ukisharekebishwa kwa takwimu za eneo husika, ulimzidi kidogo tu. Eneo walilolichunguza si letu, lakini mawingu yake ni ndugu wa mawingu yetu.

Kuna sehemu moja ya programu ambayo mwanzoni niliidharau, na mwishoni ndiyo iliyobaki na thamani: asilimia ya uwezekano wa mvua. Picha ya jua husema ndiyo au hapana, na asilimia hukubali kwamba haijui yote. Hutokana na kuendesha hesabu ileile mara nyingi kwa tofauti ndogo ndogo za mwanzo (kituo cha Ulaya huiendesha mara 51), kisha kutazama ni ngapi kati ya hizo zimeleta mvua. Asilimia 30 haipimwi kwa siku moja. Inapimwa kwa kukusanya siku zote zilizopewa asilimia 30 na kuona kama takriban tatu katika kila kumi zilinyesha.

Kwa kupima utabiri wa aina hii, Glenn Brier, mtaalamu wa hali ya hewa wa Marekani, alipendekeza mwaka 1950 hesabu ambayo mwanafunzi wa sekondari anaweza kuifanya. Mvua ikinyesha andika 1, isiponyesha andika 0, toa namba hiyo kwenye uwezekano uliotabiriwa, kisha zidisha tofauti kwa yenyewe. Aliyesema asilimia 70 na mvua ikanyesha anapata 0.09, na isiponyesha anapata 0.49. Aliyesema asilimia 90 na mvua isinyeshe anapata 0.81. Wastani mdogo ndio bora. Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba kinamwadhibu vikali mwenye kujiamini kupita kiasi, na humlipa yule anayesema hasa kile anachokiamini. Kwa daftari langu, asilimia za programu kwa siku ya kesho zilikuwa na mwelekeo sahihi, ila ndogo zilikuwa ndogo mno: siku zilizopewa asilimia 10 au 20 zilinyesha mara nyingi zaidi ya ahadi hiyo. Mwenye kuanika akiona 10 hulala usingizi. Ndivyo tulivyolala sisi.

Baada ya kulijua hilo nilibadilisha namna ya kuamua. Kukunja majamvi mapema na kuyafunika kwa turubai kunatugharimu nguvu za watu wawili na saa chache za jua. Karafuu kurowa kunatugharimu daraja, na karafuu yetu inauzwa kwa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, ambako ubora na ukavu hupimwa kabla ya kulipwa. Ikiwa hasara ya kurowa ni mara tano ya gharama ya kuanua, basi inafaa kuanua kila uwezekano unapozidi moja ya tano, yaani asilimia 20. Kwa kuwa nilijua programu hupunguza, nikaweka mpaka kwenye 15. Tangu hapo hatukuacha tena uwanja bila mtu mwenye nguvu siku ambayo namba ilivuka mpaka. Msimu huu hatukupata mpeta. Tulianua bure mara nyingi pia, na vijana walinung'unika.

Lazima niseme kitu kuhusu taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, kwa sababu watu wengi huzilinganisha na simu kana kwamba zinafanya kazi moja. Taasisi hii, iliyokuwa wakala tangu 1999 na kuwa mamlaka kwa sheria ya 2019, hutoa utabiri wa kila siku ambao mara nyingi huvitaja visiwa vya Unguja na Pemba pamoja. Hautakwambia kama jamvi lako la Wete litarowa saa 5. Unakwambia kuhusu mambo makubwa: mvua kubwa, ambayo kwa lugha yao ni zaidi ya milimita 50 ndani ya saa 24, upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa, mawimbi yanayozidi mita 2. Na taarifa hizo za hatari huja na mistari miwili ambayo sijawahi kuiona kwenye programu yangu, uwezekano wa kutokea na kiwango cha athari zinazoweza kutokea. Hiyo ni lugha ya watu wanaofikiria mpokeaji atafanya nini.

Usiku mmoja wa mwanzo wa Desemba ulikuwa chini ya angalizo la mvua kubwa. Programu ilisema milimita 8, namba yake ya kila siku. Asubuhi mrija ulikuwa umejaa na mcheduara wa nje una maji. Nilimimina na kupima, 25, kisha 25 nyingine, kisha 11. Milimita 61. Mkono ulitetemeka kidogo nilipoandika, kwani ndiyo iliyokuwa mara yangu ya kwanza kushika kwa mkono wangu kitu kilichotangazwa redioni jana yake.

Wazee wa visiwa hivi wanajua thamani ya kuonywa. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi yake, Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo karafuu ya Zanzibar ikawa zaidi karafuu ya Pemba. Watu wale hawakuwa na taarifa yoyote kabla. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani ya Tanzania, taarifa zilitolewa mfululizo kabla hakijafika Mafia tarehe 4, na vyombo vya baharini vikapata muda wa kurudi.

Utabiri wa msimu nao huhitaji kipimo chake. Husema kama mvua zinatarajiwa kuwa chini ya wastani, wastani au juu ya wastani, na hutolewa mara moja kwa kila msimu, hivyo mtu mwenye daftari la mwaka mmoja hana cha kumhukumia. Nitahitaji miaka kumi, na nimekwisha kuanza. Ila wakulima wenzangu wajue kwamba vuli hutabirika mapema vizuri zaidi kuliko masika, kwa sababu inafungamana sana na joto la bahari ya Pasifiki na tofauti ya joto kati ya magharibi na mashariki ya Bahari ya Hindi, kama ilivyoonekana katika mvua nyingi za vuli za 2019 na 2023. Masika haina mshikaji wa namna hiyo.

Kuhusu joto, programu ilikuwa sahihi karibu kila siku, na sikuipa sifa kwa hilo. Joto la Pemba halibadiliki sana kutoka siku moja hadi nyingine, na yule mshindani wa "kesho kama leo" alifanya vilevile. Kuhusu upepo ilinifaa kweli, hasa katika siku za maleleji ambapo upepo hauna msimamo, na jirani yangu mvuvi amekuwa akija kuniuliza namba hizo kabla ya kutoka.

Kwa atakayeniuliza anunue nini, kipimamvua ni cha kununuliwa, au kutengenezwa kwa kopo leo hii. Programu ya bure ibaki kwenye simu, itazamwe kwa siku ya kesho na keshokutwa, itazamwe asilimia na si picha, na mwenye intaneti aongeze picha za setelaiti ya Meteosat, ambazo hupigwa kila baada ya dakika 15 au chini ya hapo na ambazo zimeniokoa mara kadhaa alfajiri kwa kuniruhusu kuliona wingu lenyewe likiwa bado juu ya mkondo wa bahari. Toleo la kulipia, lenye saa kwa saa za siku 14, halikunipa siku moja ya jua ambayo nisingeipata bure, na Januari nililisitisha. Fedha hiyo nimenunulia turubai la pili.